Niliugua nikiwa wadini, sasa koleji inaniita mtoro na nyumbani naitwa mleta maradhi

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie manake nimefika mahali hata usingizi sina, na mtu wa kumwambia haya yote kwa pamoja simpati, mamangu nikimwambia analia, wenzangu wa klasi kila mtu ana mzigo wake.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu, koleji moja hapa Mombasa, kwetu ni Likoni. Babangu alifariki nikiwa mdogo na karo yangu analipa ami yangu, ndugu yake baba, anafanya kazi bandarini. Twaishi nyumba moja, yeye na watoto wake vyumba vya mbele, mimi na mamangu chumba cha nyuma. Wakati wa klinikali, yaani mazoezi ya wadini, nilikua nakaa hosteli ili niwahi shifti za usiku.

Mwezi wa saba mwaka huu wa 2021 nilikua wadi ya wanaume, hospitali sitaitaja. Wewe wakumbuka vile hali ilikua, hii korona ya Delta ilikua imeshaingia, vitanda vimejaa, oksijeni yagombaniwa. Maski za N95, zile nzito za kuchuja hewa, zilikua zikihesabiwa na sista na wakipewa walioajiriwa, sisi wanafunzi tulipewa ile ya bluu moja mpaka shifti iishe, ikilowa jasho ndio hiyo hiyo. Kulikua na mzee kitanda cha pembeni ameletwa kwa ajili ya sukari, korona hajapimwa, na usiku kucha akitweta, mimi ndio nilikua namgeuza, namfuta, namlisha uji. Na mtu huwezi kumlisha mgonjwa uji ukiwa umesimama mita moja na nusu Shangazi.

Asubuhi moja nikaambiwa nichanganye jiki ya kufutia vitanda. Nikamimina kwa ndoo nikakoroga, na jiki ya wadi unaijua ilivyo kali, nikainama juu ya ndoo macho yananiwasha kabisa yanatoa machozi lakini harufu siskii. Nikavuta pua yote, hamna. Nikanusa glavu, nikanusa mkono wangu, hamna. Hapo nikajua, nikaweka ndoo chini nikaenda kumwambia sista kabla sijaguswa na mtu mwingine.

Nikapimwa, nikapatikana nayo. Koleji wakapigiwa simu, na jioni hiyo hiyo hosteli wakaniambia nitoe vitu vyangu kabla ya saa ya kafyu ili wengine wasiambukizwe. Hakuna aliyeuliza naenda wapi, naenda na nini, nyumbani kuna nani. Nikavaa maski mbili nikachukua tuktuk mpaka feri, nikasimama pembeni kabisa nimegeukia maji, nafika nyumbani natetemeka. Mamangu akahamia kwa jirani nikabaki chumba cha nyuma peke yangu, chakula akiniwekea mlangoni, asali na habbat soda, na mvuke wa mwarobaini kila jioni. Nilikua mgonjwa sana, kuna usiku nilihisi hakuna asubuhi.

Kama wiki baadae ami akaanza kukohoa. Akalazwa, akawekwa oksijeni, ukoo mzima ukachanga kulipa bili. Alhamdulillahi alipona akarudi kazini, lakini tangu hapo haniangalii usoni. Alimwambia mamangu kua pesa za karo zimeishia hospitali na hospitali nimempeleka mimi. Na wengine nao wamepata pa kusemea. Juzi baada ya kafyu kuondolewa kukawa na harusi ya binamu yangu, nimeingia kwa ukumbi nimejipamba kama watu, khala mmoja akasema kwa sauti mbele ya wanawake wote, "Wewe kaa kule karibu na mlango, upepo upite, tusije tukashikwa." Wakacheka. Nilikaa mlangoni mpaka bibi harusi akatoka.

Koleji nayo, niliporudi nikakuta nimeandikwa sikuhudhuria. Sio mgonjwa, sikuhudhuria tu, kama mtu aliyeenda kutembea. Naambiwa nirudie zile wiki zote kabla ya mtihani, na wanataka nizifanye juu ya zamu za sasa, yaani asubuhi yangu na jioni ya kulipia.

Na mwili haujarudi. Asubuhi navuka na daraja la Liwatoni, lile la kuelea juu ya maji, manake foleni ya feri ni ndefu, na maji yakitoka lile daraja linakua mlima, napanda nashika chuma, watu wananipita mpaka wamama wenye mizigo kichwani. Kikohozi kikavu kinakuja usiku. Harufu imerudi nusu, pilau naiskia kama moshi wa plastiki. Na kichwa ndio kinanitisha zaidi, dripu ya lita moja kwa saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita, hesabu ya mwaka wa kwanza hiyo, napata matone 42 kwa dakika, alafu narudia manake sijiamini, narudia tena, namuuliza mwenzangu, mgonjwa ananiangalia. Nikikaa kidogo inchaji, yule msimamizi wa wadi, anasema wanafunzi wa siku hizi wavivu, wamezoea kufundishwa kwa simu.

Shangazi naomba uniambie. Niwaambie koleji kua bado siko sawa au ninyamaze wasije wakanitoa? Ami nimuombe vipi msamaha anisamehe anilipie nimalize? Ama nikubali tu kua kazi hii si yangu niende nikauze nguo na mamangu soko la Kongowea?

Mwanafunzi, Likoni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya kuugua na pole ya yale yaliyofuata, manake naona hayo ndio yamekuumiza zaidi.

Barua yako nimeisoma kwanza kama shangazi nikakasirika, alafu nikaisoma tena kama muuguzi, kwa sababu kabla ya safu hii nimefanya kazi ya wadi miaka mingi, nikakasirika zaidi. Kila mstari unajihesabu mdaiwa. Koleji inakudai, ami anakudai, khala anakudai mpaka kiti cha harusi. Ntakwambia wazi, deni la kweli hapo ni moja tu, ni zile saa za wadi, na hizo utazilipa kwa sababu ni haki ya wagonjwa wako wa kesho wauguzwe na mtu aliyefundishwa vizuri. Kuugua si deni. Umeambukizwa ukiwa unamlisha mzee uji, na mtu akiumia kazini haombi radhi kwa kuumia.

Sasa tuanze na mwili wako kwa sababu huo haungoji vikao vya ukoo.

Miezi minne imepita na bado unatweta, unakohoa, umechoka na kichwa hakishiki hesabu. Hali hii ipo na inajulikana, tarehe 6 Oktoba mwaka huu wa 2021 Shirika la Afya Duniani limetoa maelezo rasmi ya hali ya baada ya korona, dalili ambazo mtu bado anazo yapata miezi mitatu tangu augue, zimekaa angalau miezi miwili, na hazina sababu nyingine. Wametaja uchovu, kukosa pumzi, na akili kutoshika vizuri. Yaani ulivyoandika wewe. Kwa hivo yule inchaji anaesema uvivu hajui anachosema, au anajua na amechoka yeye pia, vyovyote iwavyo neno lake usilibebe.

Lakini nisikilize vizuri hapo kwenye "hazina sababu nyingine". Hiyo lazima ithibitishwe, usijipe jina la ugonjwa mwenyewe kisa umesoma kwa simu. Wewe umefanya kazi wadi ya wanaume, kikohozi chako kimepita wiki mbili, cha usiku, basi kwanza kabisa upimwe TB, yaani kifua kikuu, upeleke makohozi, ni bure kwa hospitali za serikali na matibabu yake pia ni bure. Wauguzi wengi wamepata TB wakidhani ni uchovu tu wa shifti. Alafu upimwe damu, manake msichana akikosa damu atatweta kwenye daraja lolote, na upigwe eksre ya kifua, wakusikilize moyo, uwaambie kama kuna pumu kwenu. Oksijeni yako ipimwe umekaa na ipimwe tena baada ya kutembea, kuna watu wakikaa ni sawa wakitembea inashuka, kwa hivo wasikupime kitini tu wakakuambia nenda nyumbani. Na ikitokea maumivu makali ya kifua, au kukosa pumzi ghafla, au mguu mmoja umevimba na unauma, au umezimia, hapo hakuna kungoja miadi, ni hospitali saa hiyo hiyo, manake korona inaweza kugandisha damu.

Wakikuona na wakasema ni hii ya baada ya korona basi dawa kubwa ni kugawa nguvu zako. Wengi wanajilazimisha, siku wanayojiskia vizuri wanafua, wanapika, wanasoma usiku, kesho yake hawainuki, alafu wanasema hali imerudi. Usingoje uchoke ndio ukae, kaa kabla. Maji yakiwa yametoka achana na daraja, toka mapema usimame foleni ya feri, hakuna anaekupa medali kwa kupanda ule mteremko. Ukikatikiwa na pumzi inama kidogo mbele, mikono kwenye chuma, vuta kwa pua utoe polepole kwa midomo uliyoibana kama unapuliza chai ya moto.

Kwa pua kuna zoezi na hilo latufaa sana sisi watu wa pwani. Harufu nne zinazotumika ni waridi, limau, karafuu na mkaratusi, na karafuu na limau zi jikoni kwenu, marashi ya waridi mamako hakosi. Nusa moja moja, taratibu, kama sekunde ishirini kila moja, asubuhi na jioni, ukijaribu kukumbuka ilivyokua, uendelee miezi kadhaa bila kukata tamaa. Ile pilau kunukia plastiki mara nyingi ni mishipa ya pua inajirekebisha. Mvuke wa mwarobaini uache ama ufanye kwa uangalifu, hauui kirusi, na nimeona watu wameungua uso na mapaja kwa sufuria iliyopinduka. Na kama chanjo ya pili hujadungwa nenda ukadungwe.

Sasa hiyo dripu. Mwanangu, 42 ni sawa. Na kurudia hesabu na kumuuliza mwenzako si aibu, ndivyo kazi inavyotakiwa ifanywe, hata mwenye miaka ishirini wadini dawa kama insulini anamwita mwenzake waangalie pamoja. Ninachotaka ni usifanye kwa kujificha. Mwambie sista unaemwamini au lekchara anaekusimamia, kwa maneno mepesi tu, "nilikua na korona Julai, bado kichwa kinachoka, naomba dawa zangu tuziangalie wawili mpaka nitakapokua sawa." Mwanafunzi anaesema hivo mimi ningempa mgonjwa wangu bila wasiwasi. Mwanafunzi anaenitia hofu ni yule anaekisia ili asionekane hajui.

Hapo nishajibu swali lako la kwanza, ndio waambie. Lakini koleji usiwaambie kwa mdomo peke yake, mdomo hauwekwi kwa faili. Kusanya karatasi: majibu ya kipimo cha Julai, karatasi ya daktari wa sasa, na zamu za wadi zinazoonyesha ulikua kazini wiki zile kabla hujaugua. Alafu nenda kwa yule sista uliyemwambia siku ya jiki, muulize kama alikuandika kwenye kitabu cha wadi, na umuulize kuhusu kamati ya kuzuia maambukizi ya hospitali, hospitali kubwa zinayo, na mfanyakazi au mwanafunzi akiambukizwa wadini wanafaa wajue. Uandike barua moja fupi kwa mkuu wa idara, uombe mambo mawili tu. La kwanza, rekodi yako ibadilishwe isome ulikua mgonjwa, kwa sababu mtoro na mgonjwa si mtu mmoja na hiyo karatasi itakufuata. La pili, saa unazodaiwa zipangwe polepole, wikendi au likizo, sio shifti mbili kwa siku moja. Usiombe wafute saa, hawawezi, Baraza la Wauguzi linataka saa zako zitimie na kitabu chako kisainiwe, na ukiomba lisilowezekana watakukatalia na lile linalowezekana. Wakisema haiwezekani kugawa basi uliza kuahirisha muhula kwa sababu ya ugonjwa. Najua inauma kuona wenzako wanamaliza, lakini kumaliza nyuma kidogo ukiwa na kifua kizima ni bora kuliko kuangukia wadini.

Uliza pia kama koleji iliwakatia bima ya wanafunzi kabla ya kuwapeleka klinikali, nyingi hukata na hamuambiwi. Ile sheria ya fidia ya wanaoumia kazini ya mwaka 2007 imeandikwa kwa ajili ya walioajiriwa, nyinyi mnafanya kazi ile ile na wagonjwa wale wale alafu mkiugua mnaambiwa ni wanafunzi tu, na hili mimi linanichoma moyo na sitaacha kulisema. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani limekisia wafanyakazi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 duniani wamekufa na korona kutoka Januari 2020 mpaka Mei 2021. Sijui kama mwanafunzi aliyekua akishika nafasi ya muuguzi amehesabiwa popote.

Na ile jioni ya hosteli. Kukutoa sio vibaya, namna walivyokutoa ndio vibaya. Mwongozo wa wizara ya afya wa kuuguzwa nyumbani upo tangu Juni 2020, unataka iangaliwe kwanza kama nyumbani kuna chumba cha mgonjwa peke yake na kama kuna watu ambao maradhi yatawalemea. Wewe hukuulizwa hata swali moja, ukapandishwa tuktuk na feri na homa yako. Ukiwaandikia lieleze hilo, bila matusi, lakini uliseme.

Tuje kwa ami. Hapa sitakufundisha kuomba msamaha kwa sababu hakuna kosa la kusamehewa. Ukoo wenu wanasema kwa uhakika wewe ndie uliyempa. Nani ajua? Dalili za korona huja kama siku tano hivi baada ya kuambukizwa, mara nyingine mpaka 14, na mtu anaanza kuambukiza siku mbili kabla hajakohoa. Ami yako mwezi ule ule alikua akienda bandarini kila siku, anapanda matatu, anasimama kwenye feri bega kwa bega na watu. Labda ilitoka kwako, sitakudanganya kua haiwezekani. Labda alitoka nayo kazini. Hata homa kubwa ya mwaka 1918 iliingia nchi hii kupitia bandari hii hii ya Mombasa, na hakuna mzee aliyesema kosa ni la makuli. Wewe ulijifungia chumbani, ulivaa maski mbili, mamako alikuwekea chakula mlangoni. Mtu wa mwaka wa tatu uliyefukuzwa hosteli jioni huna la zaidi ungefanya.

Lakini ami nae nataka umuelewe. Huyo ni mtu aliyekosa pumzi, aliyelala na mpira puani akiskia kitanda cha jirani kimenyamaza. Mwenye kupita hapo hutafuta wa kumlaumu, na wewe ulikua karibu. Hasira zake nyingi naona ni hofu ambayo hajaipatia pa kuiweka. Kwa hivo usiende na mambo ya karo mara ya kwanza. Nenda jioni akiwa ametulia, mamako awepo, umuamkie, umuulize kifua chake kinaendeleaje, analala vipi, akipanda ngazi inakuaje, na wewe umwambie chako kilivyo. Nyinyi wawili ndio peke yenu nyumba hiyo mnaojua ugonjwa huu ulivyo ndani ya mwili, na hamjawahi kuuzungumza. Akisema wewe ndie uliyeleta, mwambie kwa adabu, "Ami, niliupata kazini nikimhudumia mgonjwa, na uliponifikia nilijificha wasinifikie wengine, Mungu anajua." Ukishasema, nyamaza. Usilie ukajipiga kifua ukakubali kosa ili mambo yaishe, manake hayaishi, kila harusi watakurudishia.

Asipolainika, tafuteni mzee anaemheshimu, kila ukoo unae, azungumze nae yeye na si wewe. Na khala wa ukumbini huyo mamako amalizane nae, hilo ni la wamama.

Karo tafuta na pengine vilevile ili usimwelemee mtu aliyetoka hospitali. Ulizia mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, kama koleji yenu imo, basari ya kaunti, na basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, ya Likoni, fomu hutoka kwa msimu, zikitoka uwe na zile karatasi zako tayari, na barua ya kifo cha babako usiisahau.

Swali la mwisho, kuacha. Kuuza nguo Kongowea ni kazi ya heshima na mamako amekulea kwayo, kwa hivo usiitaje kama mahali pa kushindwa. Lakini uamuzi huu usiufanye sasa ukiwa hulali. Pima kwanza, pumzika, rekodi irekebishwe, alafu ujiulize. Mimi nimeona kitu kimoja kwenye barua yako, kila ulipotaja yule mzee hukumlalamikia hata mara moja, wala hujajuta kumlisha. Kama mawazo ya usiku yanakua mazito, ya kutotaka kuishi au kuogopa hata kuingia wadini, piga 1199, ni namba ya Msalaba Mwekundu ya Kenya, haikatwi pesa, utapata mtu wa kuzungumza nae. Wauguzi wakubwa wanaipiga, usione haya.

Anza na makohozi, wiki hii, usingoje barua. Nenda na mamako ili asikie mwenyewe daktari anasema nini, manake yeye ndie atakae kusimamia nyumbani ukiambiwa upumzike. Na barua ya koleji ukishaiandika nitumie niipitie kabla hujaipeleka, jina la koleji lifute, mimi sitalihitaji.

Shangazi